Mshahara wa Sasa (Andika kwa Tarakimu)

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Tangazo la kazi limefika Lubondja. Lilibandikwa kwenye valvu, ubao wa matangazo, wa shirika moja huko Baraka, mtu akalipiga picha, picha ikapanda hadi Fizi kwa WhatsApp, na kutoka Fizi ikaingia kwenye simu ya fundi baiskeli, ambayo kioo chake kina ufa. Ufa umepita palepale penye tarehe ya mwisho. Mimi nasoma 17. Prefe, mkuu wa sekondari, anasoma 11. Tumejaribu kuisogeza picha. Ikisogea, ufa mwingine unaipokea. Fundi baiskeli amesema simu ni yake na yeye anaona 11.

Wanatafuta wahamasishaji wa jamii na waulizaji wa maswali ya utafiti majumbani. Masharti: diploma ya Serikali, Kifaransa na Kiswahili, Kibembe kitahesabiwa kama nyongeza, ujuzi wa programu ya simu ya KoboCollect, uzoefu wa miaka miwili, na uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Mke wangu ameuliza shinikizo la nani. Tangazo halikusema.

Chini kabisa imeandikwa kwamba maombi ya wanawake yanahimizwa sana. Shemeji yangu mdogo, aliyemaliza sekondari mwaka jana, ameusoma mstari huo, akarudisha simu kwa mwenyewe na kwenda kuomba pasi ya mkaa kwa jirani. Interviu bado haijulikani kama ipo.

Jumanne, 7 Novemba

Asubuhi darasa la nne, somo la sehemu. Nimegawa muhogo mmoja kwa nane mbele ya wanafunzi. Sehemu mbili kwa nane hazikuonekana tena.

Niandike hapa, kwa faida ya atakayeisoma shajara hii siku nikiwa tajiri, kwamba mimi kazi ninayo. Nilichokosa ni mshahara. Walimu wa aina yangu huitwa N.U., vitengo vipya: shule inatujua, wazazi wanatujua, orodha ya malipo ndiyo haijatujua. Zamani wazazi walitulipa primu. Septemba 2019 elimu ya msingi ikawa bure nchi nzima, kama Katiba ya 2006 ilivyokuwa imeahidi, na ni jambo zuri, madarasa yakajaa hadi dirishani. Primu ikakoma. Wenzetu wengine wamekwisha kuingizwa kwenye orodha, kundi baada ya kundi. Kundi letu, tunaambiwa, limo njiani. Njia za huku tunazijua.

Mchana nimeenda kupiga CV. Kijana wa sekretariati ana paneli moja ya sola, kompyuta moja, na CV moja, ambayo ni ya muuguzi wa Uvira aliyepita hapa zamani. Kila mteja anavishwa humo. Ananiuliza jina, anafuta jina la muuguzi. Ananiuliza shule, anafuta shule ya muuguzi. Wingu likaja, betri ikaanza kulia, tukaharakisha. Nilipoipokea karatasi nilikuwa mwalimu, mzaliwa wa Fizi, mwenye mke na watoto, hodari wa kufanya kazi kwa timu, na chini ya "mambo ninayopenda" imebaki: kuogelea.

Vijito vya hapa vinafika magotini. Kijana amesema kufuta kunahitaji jua.

Amenifungulia pia anwani ya barua pepe. Kwa kuwa simu yangu haipokei msimbo, ameweka namba yake. Kwa hiyo shirika likinijibu, atakayejua wa kwanza ni yeye, na baada yake wateja wake.

Jumatano, 8 Novemba

Tangazo linataka pia wadhamini watatu, wenye simu, wasio ndugu wa mwombaji. Katika Lubondja sharti hilo ni gumu kuliko KoboCollect. Tumekaa na mke wangu kuhesabu. Prefe ameoa kwetu. Muuguzi wa kituo cha afya ni mtoto wa shangazi, ila shangazi wa mbali, ambaye tunaweza kumsahau hadi tarehe 17. Mchungaji si ndugu kwa damu; ni ndugu katika Bwana, na tangazo halikutaja hilo.

Mjomba anasema mdhamini ni lazima aambiwe kabla, tena aambiwe kazi yenyewe ni ipi. Anajua jambo lililompata kijana mmoja wa huku: shirika lilimpigia mdhamini wake kuuliza kama kijana ni mwaminifu, na mdhamini akauliza kwa hofu ameiba nini. Basi nimezunguka. Muuguzi amekubali, simu yake haina chaji. Prefe amekubali, simu yake ina chaji, mtandao ndio uko kilimani. Mchungaji ana vyote viwili, lakini ameniambia yeye hasemi uongo. Nimemweleza CV yangu polepole, mstari kwa mstari. Kwenye kuogelea amefumba macho.

Jioni nimetoa nakala ya kadi ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho chetu. Kadi ni ya mwaka huuhuu na wino wake umeshaanza kwenda. Uso wangu umeondoka kwanza, kisha kijiji. Fotokopi imetoa karatasi nyeupe yenye namba na sikio. Kijana wa sekretariati ameipiga kashe, muhuri wake.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimeteremka Baraka kwa pikipiki. Waliosema 11 walikuwa wengi, na Jumamosi ofisi zimefungwa, kwa hiyo hata 11 ni 10. Shuleni nimepewa ruhusa. Darasa la nne limeungana na la tano, chini ya mwembe.

Juu ya pikipiki tulikuwa motari, mimi, gunia la maharage la mama mmoja wa sokoni, na kuku ambaye hakuna aliyemkiri. Bahasha ya kaki niliivika mfuko wa sukari, nikaitia ndani ya shati. Mvua ilitukuta kabla ya Fizi. Motari amesema mvua ya Novemba haina ubaya, ubaya ni barabara. Tulishuka na kusukuma sehemu ambazo ramani inaziita barabara ya Fizi hadi Minembwe.

Kwenye bariyeri mmoja wa wanaoilinda aligusa kifua changu, kikasikika kama karatasi. Akauliza ni nini. Nikasema maombi ya kazi. Akataka kuona. Akasoma tangazo lote, na ufa wake, kisha akauliza kama wanachukua na walinzi. Nikamwambia wanaomba uzoefu wa miaka miwili. Akasema anao zaidi. Nikamwambia wanaomba pia hati ya mwajiri wa zamani. Hapo akafikiri kidogo. Akatutoza faranga elfu mbili za pikipiki, elfu moja ya maharage, mwombaji bure.

Baraka nimelala kwa binamu. Bugali na ndagala. Binamu anasema zamani mji huu ulikuwa na kazi ukitaka usitake: MSF ilikuja 2003, mwaka 2005 meli zikaanza kurudisha wakimbizi wetu kutoka Kigoma, HCR, shirika la wakimbizi, ikihitaji watu wa kuandika majina, wa kubeba, wa kupika, mwaka 2015 Warundi wakapewa kambi ya Lusenda, na tena pakahitajika watu. Ameyahesabu majanga hayo kwa sauti ya mtu anayekumbuka mavuno. Mwenyewe aliwahi kuwa mtu wa kupima maji ya klorini, mkataba wa miezi mitatu. Hati yake ya kazi ameitundika ukutani, juu ya picha ya harusi.

Ijumaa, 10 Novemba

Binamu amenifunza mambo matatu kabla ya chai, na nayaandika kwa sababu leo yote yamenisaidia, kwa namna yake. Namba ya tangazo iandikwe juu ya bahasha, la sivyo wanaiweka kwenye rundo la bahasha zisizojua zimekuja kufanya nini. Uende na nakala ya pili ya barua, wakugongee kashe ya kupokea, maana bahasha hupotea lakini kashe haipotei. Na usitoe cheti halisi hata ukiombwa na malaika.

Mlangoni mlinzi ameniambia bahasha hazipokelewi tena, tangazo jipya limeelekeza kila mtu ajaze fomu kwenye intaneti. Nikaonyesha tangazo langu. Akasema hilo ni la zamani. Tarehe ya mwisho ya jipya ni 13. Mimi, prefe na fundi baiskeli wote tulikosa.

Nimemwomba basi aigonge nakala yangu kashe. Kashe ipo ndani, mwenye kashe yuko Lusenda. Mlinzi ameandika kwa bic, "imeonekana", akatia saini. Ninayo.

Kwenye saiberi, fomu ina kurasa nyingi na kila ukurasa unakula vocha. Nilifika penye "mshahara wako wa sasa, andika kwa tarakimu". Nikaandika 0. Ikageuka nyekundu: weka kiasi sahihi. Nikaacha wazi: sehemu hii ni ya lazima. Nikaandika "N.U.": tarakimu tu. Mwenye saiberi akasema wengi huweka mshahara mkubwa ili wapewe mkubwa zaidi. Mwenzake akasema hapana, uweke mdogo wasikuogope. Wamebishana hadi vocha ikaisha. Nimenunua nyingine, nimeandika 1. Fomu ikakubali na kuuliza: dola au faranga?

Nimechagua dola. Inaonekana vizuri zaidi.

Jumapili, 12 Novemba

Lubondja. Baada ya ibada amenifuata bwana mmoja mwenye viatu visivyo vya huku. Anajua mtu ndani ya shirika. Dola ishirini tu, jina langu linawekwa juu. Nikamwonyesha sentensi ya mwisho ya tangazo, kwamba kuomba kazi ni bure katika kila hatua. Akasema ndiyo, kuomba ni bure, yeye anauza kupata.

Nimemwambia sina. Akashuka hadi kumi, tano, kisha akaniuliza kama nina maharage.

Mjomba naye amekuja na ushauri. Mbele ya wakubwa usimwangalie mtu machoni, ni utovu wa adabu. Prefe, aliyesoma kitabu, amesema interviu ya kisasa ni kumwangalia mtu machoni bila kupepesa. Wamenijaribu uani. Nimemwangalia mjomba machoni, amekasirika. Nimeinama mbele ya prefe, amenipa sifuri.

Jirani ameleta kadi yake ya ONEM, ofisi ya taifa ya ajira iliyoundwa 2002, kwa kuwa baadhi ya matangazo huiomba. Kadi yake ni ya mtafuta kazi, ya miaka mingi, safi kabisa, uso unaonekana. Anaitunza kwa nailoni. Mpaka leo hakuna aliyeweza kuthibitisha kinyume.

Jumatano, 15 Novemba

Kijana wa sekretariati ametuma mtoto: barua pepe imekuja. Kabla mtoto hajafika kwangu nilikuwa nimeshapongezwa na watu wa sokoni. Interviu ni kesho, kwa simu. Shemeji naye ameitwa, saa moja baada yangu. Pasi bado iko kwetu. Nguo zote mbili zimepigwa, ingawa ni simu. Mke wangu anasema sauti ya mtu aliyevaa shati chafu inajulikana.

Alhamisi, 16 Novemba

Kilima cha mtandao. Nimefika mapema nipate jiwe zuri, lile lenye vijiti viwili vya kushikia simu. Lilikuwa na watu. Motari anangoja pesa ya M-Pesa, wanafunzi wawili wanapakua kitu, mama wa maharage anauliza bei ya Fizi, mchungaji wa mbuzi yupo kwa sababu mbuzi wapo. Nimewaeleza kwamba nina interviu. Wamenyamaza kwa heshima na kusogea karibu.

Spika ya sikioni ya simu yangu ilikufa zamani. Inasikika kwa spika ya nje tu. Kwa hiyo shirika liliponisalimia, kilima kizima kiliitikia.

Walikuwa watatu. Kwanza waliniomba nijieleze kwa ufupi. Nikajieleza. Mwanamke mmoja kati yao akasema anaona napenda kuogelea. Yeye mwenyewe amekulia ufukweni, napendelea kuogelea wapi? Nikasema mtoni. Mchungaji wa mbuzi akauliza mto gani.

Kisha: kwa nini unataka kuacha kazi yako ya sasa? Nikasema siiachi, nitaomba nifundishe asubuhi. Wakauliza ni kweli nalipwa dola moja. Nikasema fomu ilikataa ukweli. Palikuwa na ukimya, nikadhani mtandao umeanguka. Motari akainua kijiti kimoja juu zaidi.

Swali kubwa lilikuwa hili: utawafanyaje wanawake wahudhurie mkutano wa uhamasishaji? Nilikuwa nimejiandaa. Nikaanza na ushirikishwaji, nikapita kwenye viongozi wa mila, nikawa naelekea usawa wa jinsia, mama wa maharage alipochoka. "Mkutano saa ngapi?" akaiuliza simu. Simu ikasema saa tatu asubuhi. "Saa tatu nani yuko nyumbani? Tuko shambani. Njooni siku ya soko, jioni, tukishauza, na msilete vikaratasi, leteni kivuli." Wakauliza ni nani huyo. Nikasema ni jamii.

Wakaomba kuzungumza naye. Wakamweleza kwamba wanahitaji mtu kama yeye katika kijiji, atakayewaita wenzake na kupita nyumba kwa nyumba. Akauliza mnalipa kiasi gani. Wakasema ni kazi ya kujitolea. Akasema maharage yake hayajitolei, akanirudishia simu.

Swali la mwisho lilihusu unyanyasaji wa kingono: ukimwona mwenzako anamwomba msichana ngono ili ampe kazi au msaada, utafanya nini? Kilima kikatulia, hata wanafunzi. Nikajibu kwamba nitaripoti, haraka, kwa njia iliyowekwa, bila kufanya uchunguzi wangu mwenyewe. Wakasema vizuri.

Shemeji alipofika zamu yake, swali hilo alilijibu kisha akaliuliza. Namba ya malalamiko iliyo chini ya tangazo, ukiipiga, inapokelewa na nani? Ni mtu wa ofisi hiyohiyo? Huku wote tunakumbuka habari za Beni, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, wanawake walioambiwa kazi ipo na bei yake ni wao. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake, na ilikuwa nzito. Wale watatu kwenye simu wakazungumza wenyewe kwa wenyewe kidogo. Yule mwanamke wa ufukweni akamjibu kwa urefu, kwa Kiswahili safi, akampa na namba ya pili isiyo ya ofisi hiyo. Shemeji akaiandika mkononi. Mama wa maharage naye akaiandika.

Jumapili, 19 Novemba

Kampeni za uchaguzi zimeanza. Fulana zimefika Lubondja kabla ya jibu la shirika. Mgombea wa kwanza ameahidi ajira kwa vijana wote. Fundi baiskeli amemuuliza tarehe ya mwisho ya kutuma maombi.

Ijumaa, 24 Novemba

Matokeo. Tumeyaona kwa simu ileile yenye ufa. Shemeji amechukuliwa, muulizaji wa utafiti, siku ishirini. Mimi nimo kwenye orodha ya akiba. Jina langu limeandikwa kwa herufi moja pungufu, na mjomba anashauri niende kudai kwamba huyo si mimi, pengine mimi nilifaulu.

Usiku shemeji amekuja na simu ya shirika nimfundishe KoboCollect. Aliwaambia anaijua, kama sisi sote. Nimemfundisha hadi betri ikaisha: maswali, kuhifadhi, kutuma ukifika penye mtandao. Mke wangu amesema mafunzo ya namna hiyo Baraka wanalipia. Shemeji amesema atanikumbuka.

Jumanne, 5 Desemba

Prefe ameniomba nizungumze na wanafunzi wa darasa la sita la sekondari juu ya kutafuta kazi, kwa kuwa nina uzoefu wa hivi karibuni. Nimewaambia kuhusu namba juu ya bahasha, kashe, wadhamini wenye chaji, na kutongoja siku ya mwisho, maana maombi husomwa kadiri yanavyofika. Nimewaambia CV isiwe ya muuguzi. Mmoja ameuliza kama kwenye mshahara wa sasa waandike moja ya dola au ya faranga. Nimemwambia inategemea shirika.

Prefe amenishukuru mbele ya wote. Somo hili, amesema, litarudiwa kila mwaka, kwa kujitolea.

Jumatano, 20 Desemba

Uchaguzi. Nimepata kazi. Shahidi wa mgombea katika kituo cha kura, hapahapa shuleni, kwenye darasa langu. Hawakuomba CV wala barua. Waliuliza kama naweza kukaa macho. Mashine ya kura imechelewa kuwaka, watu wamepanga mstari hadi sokoni, mama wa maharage ameuza mstarini. Nimekaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakiwa usawa wa kidevu, nikishuhudia.

Alhamisi, 21 Desemba

Bado nashuhudia. Kazi ya siku moja imeingia ya pili.

Jumamosi, 23 Desemba

Wakala wa mgombea amepita kuwashukuru mashahidi. Simu ya mgombea haipatikani, hilo linaeleweka, ana mambo mengi. Nimeomba angalau hati ya kazi. Akafurahi, akatoa karatasi kwenye begi, akajaza palepale juu ya tangi la pikipiki: mhamasishaji wa jamii, Novemba hadi Desemba, mwadilifu, hodari chini ya shinikizo. Kashe mbili, moja ya bluu na moja nyekundu. Nimemuuliza kuhusu pesa. Amesema tuulize baada ya matokeo.